Huduma za Afya ya Akili Vijijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa waganga wafawidhi wa zahanati, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA), viongozi wa vijiji na ndugu wanaouguza. Mifano mingi ni ya Tanzania, ingawa mengi yanafaa popote zahanati ilipo mbali na lami. Dozi ni za watu wazima na zinafuata mhGAP, mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani. Zinamhusu mtumishi aliyefundishwa kuzitumia. Ndugu wa mgonjwa asizifanyie majaribio nyumbani.

## Kuanzisha huduma

1. Zahanati yetu haina daktari wa magonjwa ya akili. Kweli tunaweza kutoa huduma hii?

Mnaweza. Mwongozo wa mhGAP, uliotoka mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2016, umeandikwa kwa ajili ya tabibu na muuguzi ambaye si bingwa. Wagonjwa wengi wa kifafa, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na hata skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili wa kusikia sauti) wanaweza kuhudumiwa pale pale kijijini, na bingwa akabaki wa kupigiwa simu kwa yale magumu.

Ukweli ni kwamba huduma za vijijini haziuawi na ukosefu wa daktari. Zinauawa na kukatika. Mgonjwa analazwa hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, anatulia, anaruhusiwa na dawa za mwezi mmoja pamoja na karatasi. Karatasi inakaa ndani ya begi, zahanati haijui kama amerudi, dawa zinakwisha, na baada ya miezi mitatu anarudishwa Mirembe akiwa hoi kuliko mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kuomba mtaalamu, hakikisheni mna vitu vitatu: dawa zisizokatika (swali la 3 na la 8), utaratibu wa kumfuata asiyerudi (swali la 4), na watumishi wawili waliofundishwa. Nasema wawili kwa sababu mmoja atahamishwa, na uhamisho haungoji mwenzake afundishwe.

2. Tuanze na magonjwa gani?

Kifafa na magonjwa ya akili makali, yale ambayo mtu anasikia sauti, anazurura au anaongea yasiyoeleweka. Sonona ina wagonjwa wengi zaidi, lakini kijiji hakiioni. Kijana aliyekuwa akianguka mara nne kwa wiki akikaa mwezi mzima bila kuanguka, habari inafika hadi kitongoji cha mwisho bila tangazo la mtendaji. Imani hiyo ndiyo itakayowaleta wenye sonona na walevi baadaye.

3. Dawa zipi zisikosekane kabatini?

Kwa kifafa: fenobabitoni vidonge vya miligramu 30 na kabamazepini vya miligramu 200. Kwa magonjwa makali ya akili: haloperidoli vidonge na sindano, klopromazini vidonge vya miligramu 100, na flufenazini dekanoeti, ile wengi wanayoiita sindano ya mwezi, miligramu 25 kwa mililita. Kwa sonona: fluoksetini miligramu 20 au amitriptilini miligramu 25. Ongeza benzheksoli, maarufu kama Artane, kwa ajili ya madhara ya haloperidoli na wenzake, promethazini ya sindano, na diazepamu ya sindano kwa degedege lisilokoma.

Kama dawa fulani haimo kwenye orodha ya ngazi ya zahanati, mwone mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Njia ya kawaida ni kuitoa kwenye stoo ya hospitali ya wilaya kwa orodha ya majina ya wagonjwa, na kuisafirisha na gari la chanjo au la usimamizi.

Fenobabitoni na diazepamu ni dawa zinazodhibitiwa. Zifungiwe kwa ufunguo na ziwe na daftari lake. Kabamazepini ina adui mwingine: unyevunyevu. Vidonge vilivyokaa kwenye bahasha ya karatasi ukanda wa pwani vinaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu huku kwa macho vikionekana vizima. Mgonjwa akianza kuanguka tena ingawa anameza kila siku, uliza anakoziweka kabla ya kupandisha dozi. Mpe kwenye kichupa chenye kifuniko kinachokaza.

4. Kliniki iwe siku gani, chumba gani, na daftari liweje?

Siku ya mnada au gulio, kama hakuna kizuizi kingine. Siku hiyo magari yapo, nauli iko chini, na mtu akionekana kituoni hakuna atakayemuuliza amefuata nini. Mara moja kwa mwezi inatosha kuanzia, tarehe isiyobadilika.

Msibandike mlangoni "Kliniki ya Wagonjwa wa Akili". Waunganisheni na kliniki ya presha na kisukari; foleni moja, benchi moja. Kijijini siri haikai, ila si lazima muitangaze ninyi.

Daftari liwe na jina, kitongoji, jina la mwenyekiti wa kitongoji, simu ya anayemhudumia mgonjwa (si ya mgonjwa peke yake, maana simu huuzwa na laini hupotea), ugonjwa, dawa na dozi, tarehe ya kurudi. Lakini daftari peke yake halimtafuti mtu. Tengenezeni na sanduku la kadi: kila mgonjwa kadi moja, zimepangwa kwa tarehe ya kurudi. Asubuhi ya kliniki mnatoa kadi za siku hiyo na kuziweka mezani. Anayekuja, kadi yake inaandikwa na kurudishwa sandukuni chini ya tarehe mpya. Jioni, kadi zilizobaki mezani ndizo orodha ya wasiokuja. WAJA wa kitongoji husika anapewa jina siku hiyo hiyo, na arudishe jibu ndani ya siku saba: amehama, amesafiri, amekosa nauli, ameacha kwa sababu ya madhara, au amefariki. Boksi la glovu linatosha kuwa sanduku.

## Kumtambua mgonjwa

5. Hakuna anayekuja akisema "nina sonona". Nitaitambuaje?

Atakuja na kichwa kinachouma kila siku, mwili kuchoka, moyo kwenda mbio, ganzi miguuni, vidonda vya tumbo visivyosikia dawa, au "nina mawazo sana". Ameshapimwa malaria na tifodi mara nyingi na kumezeshwa dawa za yote mawili. Mama anayekuja kila wiki na malalamiko yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo anastahili maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Uliza kwa lugha ya kwake: usingizi unapatikana? Chakula kinapita? Shambani unaenda? Watoto wanakukera kuliko zamani?

Ukipata jibu la ndiyo, tumia dodoso la PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili. Maswali ni tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mchukulie kuwa ana sonona inayohitaji hatua, na 20 kwenda juu ni kali. Msomee maswali mwenyewe taratibu, usimkabidhi karatasi. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru: akisema ndiyo hata kwa kiwango kidogo, jumla ya alama haijalishi tena, nenda swali la 16.

6. Mtu amechanganyikiwa ghafla. Ni malaria imempanda kichwani, amerogwa, au ndiyo kichaa chenyewe?

Neno la kushika hapo ni "ghafla". Aliyebadilika ndani ya saa au siku chache, anayekuwa afadhali mchana na kuharibika usiku, asiyejua yuko wapi wala ni saa ngapi, au anayeona vitu visivyokuwepo, mchukulie ni mgonjwa wa mwili hadi uthibitishe vinginevyo. Mwenye skizofrenia kwa kawaida amebadilika kwa wiki au miezi, anajua yuko zahanati na anakufahamu wewe, ila anasikia sauti au ameshika jambo ambalo hakuna anayeweza kumtoa.

Pima joto, kipimo cha haraka cha malaria, na sukari ya damu. Kagua shingo kama imekakamaa, kichwa kama kina jeraha, pumzi kama inanuka pombe au sumu ya shambani. Waulize ndugu: alikuwa mnywaji na ameacha siku mbili tatu zilizopita (swali la 20)? Amejifungua karibuni (swali la 19)? Anatumia dawa za VVU? Alianguka na kutetemeka kabla ya kuchanganyikiwa?

Yapo makosa mawili yanayorudiwa sana. La kwanza ni kumpa haloperidoli mwenye homa ya uti wa mgongo kwa sababu "anapiga kelele", akatulia, akafariki ametulia. La pili ni kinyume chake: kipimo cha malaria kimesoma chanya, basi kila kitu kinaitwa malaria. Maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea na skizofrenia kwa pamoja. Tibu malaria, homa ikiisha na sauti zikabaki, ana magonjwa mawili.

7. Kifafa ni ugonjwa wa akili? Na ni kweli povu lake linaambukiza?

Ni ugonjwa wa ubongo. Unahudumiwa kwenye kliniki ya akili kwa sababu watumishi ni wale wale na dawa zinakaa kabati moja. Povu ni mate tu, haliambukizi, na wala ushuzi wa mgonjwa hauambukizi. Imani hiyo ina gharama inayoonekana kwa macho: mtoto ameangukia kwenye mafiga, watu wanamwogopa, na moto unamla mkono hadi kifafa kikome chenyewe. Anayeanguka mvute mbali na moto au maji, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usiingize kijiko wala kidole mdomoni. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, ni dharura.

Kwa familia, mambo matatu kabla ya dawa kukolea: jiko liinuliwe au lizungushiwe, asiende mtoni wala kisimani peke yake, asipande mnazi wala mwembe.

Chanzo hutofautiana kwa eneo. Mahenge, mkoani Morogoro, kifafa kimekuwa kingi mno kwa miongo mingi. Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa huko miaka ya 1960, na tafiti za baadaye zimekihusisha na usubi (upofu wa mtoni). Huko kumeza dawa ya usubi kila inapogawiwa ni sehemu ya kuzuia kifafa. Kwenye maeneo ya wafugaji wa nguruwe huria, mabuu ya tegu ya nguruwe huweza kuingia kwenye ubongo. Choo na nguruwe wa kufungiwa vina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

## Dawa: kuagiza, kutoa, kuacha

8. Nahesabuje kiasi cha kuagiza?

Hesabu kwa vichwa, si kwa mazoea. Tuseme una wagonjwa 20 wa kifafa, kila mmoja anameza vidonge viwili vya fenobabitoni usiku. Hiyo ni vidonge 40 kwa siku, 1,200 kwa mwezi, 3,600 kwa robo mwaka. Ongeza akiba ya mwezi mmoja, 1,200, inakuwa 4,800. Toa ulizonazo stoo, kinachobaki ndicho unachoagiza.

Mtego uko kwenye fomu ya maombi inayotumia matumizi ya nyuma. Robo iliyopita ulitumia vidonge 1,200 tu, kwa hiyo fomu inakuambia unahitaji 1,200. Lakini ulikuwa na dawa siku 30 kati ya 90! Matumizi halisi ni 1,200 gawanya kwa 30, zidisha kwa 90, yaani 3,600. Usiporekebisha siku za ukosefu, kila robo utaomba kidogo zaidi, utakosa mapema zaidi, na kwenye karatasi itaonekana wagonjwa wamepungua. Zahanati nyingi zimejikausha hivyo bila Bohari ya Dawa kuwa na kosa lolote.

9. Dawa zimekwisha leo na wagonjwa wako nje. Nifanye nini?

Usimwambie mtu "rudi mwezi ujao". Piga simu zahanati jirani na hospitali ya wilaya uazime. Hilo ni jambo la kawaida na lina fomu yake. Zilizobaki mpe kila mmoja za wiki mbili badala ya wengine kupata za mwezi na wengine kukosa.

Fenobabitoni ndiyo ya kuogopa zaidi. Ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa mfululizo usiokoma, na mtu anaweza kufa. Ukiona stoo inaelekea kuisha, anza mapema kumhamishia mgonjwa kabamazepini: anza na miligramu 200 kwa siku ukimpandisha polepole huku fenobabitoni ikishushwa kidogo kidogo, zote mbili zikiwa zinamezwa kwa wiki kadhaa. Kwa haloperidoli kubadilishana ni rahisi zaidi: miligramu 2 zinakaribiana na klopromazini miligramu 100, ingawa klopromazini inalaza sana na inashusha presha, hivyo sehemu kubwa imezwe usiku.

10. Kijana ameanza dawa juzi, leo shingo imepinda, macho yamegeuka juu, ulimi unatoka nje. Ni jini?

Ni haloperidoli, au sindano ya kundi lake. Hutokea ndani ya saa hadi siku chache za mwanzo, hasa kwa wanaume vijana. Ndugu huona jini na mtumishi asiyeifahamu huona pepopunda. Uliza tu alimeza nini wiki hii.

Choma promethazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli. Ndani ya nusu saa kwa kawaida shingo inalegea. Baada ya hapo mpe benzheksoli siku kadhaa na upunguze dozi ya haloperidoli. Akishindwa kumeza au akakoroma kwa kukabwa koo, hiyo ni dharura ya kupumua. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao ni jambo jingine kabisa: simamisha dawa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mweleze ndugu uwezekano huu siku ya kwanza kabisa. Familia iliyoona shingo ikipinda bila kuonywa hairudi tena.

11. Sindano ya mwezi inachomwaje, na kwa nini wengine huota uvimbe?

Flufenazini iko ndani ya mafuta. Tumia sindano ya kijani (geji 21), ndefu, choma ndani ya msuli wa tako, robo ya juu upande wa nje. Vuta ngozi pembeni kwanza, choma, sukuma polepole, subiri sekunde kumi, chomoa, ndipo uachie ngozi. Tundu linajifunga na mafuta hayarudi nje. Usisugue. Badilisha tako kila mwezi. Uvimbe hutokana na kuchoma juu juu kwenye mafuta ya mwili au upande mmoja kila mara. Maeneo ya baridi kama Makete mafuta huwa mazito, basi shika ampuli kiganjani dakika chache.

Dozi ya kwanza ni miligramu 12.5, nusu ya mililita, kumjaribu. Kisha 12.5 hadi 50 kila wiki mbili hadi nne. Usimwanzishie asiyewahi kumeza dawa za kundi hili: ikimletea madhara huwezi kuitoa mwilini.

12. Amepona. Aache lini?

Kifafa: baada ya miaka miwili bila kuanguka hata mara moja, na kwa kushusha polepole kwa miezi. Sonona: miezi 9 hadi 12 baada ya kurudi hali yake, si siku anapojisikia vizuri. Ugonjwa mkali wa akili wa mara ya kwanza: angalau mwaka mmoja baada ya dalili kuisha. Aliyerudiwa mara kadhaa anaweza kuhitaji dawa miaka mingi, na uamuzi huo ufanywe na mratibu au bingwa. Dawa za sonona huchukua wiki nne hadi sita kufanya kazi. Usipomwambia mgonjwa hilo, ataziacha wiki ya pili.

## Matibabu yasiyo ya kidonge

13. Hatuna mwanasaikolojia. Nani atazungumza na wagonjwa?

Mtu anayeaminika kijijini, aliyefundishwa na anayesimamiwa. Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari bingwa Dixon Chibanda mwaka 2006 unawatumia wanawake watu wazima wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida. Kusini mwa Uganda, mazungumzo ya vikundi yaliyoongozwa na wenyeji wasio madaktari, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, yalipunguza sonona sana. Matokeo yalitoka mwaka 2003.

Msingi wa mazungumzo ni kutatua tatizo kwa hatua. Mgonjwa ataje yote yanayomsumbua. Achague moja, na achague yeye. Atoe njia zote anazoziona, hata za kijinga. Achukue moja na kuipa siku na saa: "Jumanne baada ya kukama nitakwenda kwa shemeji kuzungumzia shamba." Wiki inayofuata mnaanza na hilo. Mkishindwa, hatua ilikuwa kubwa mno, ikateni.

Kinachoharibu ni mahubiri. "Mshukuru Mungu, wapo wenye shida kuliko wewe" humfunga mtu mdomo papo hapo.

## Familia, kijiji na sheria

14. Mgonjwa amefungwa mnyororo nyumbani. Tumripoti au tumfungue?

Kwanza keti na waliomfunga. Mara nyingi ni mama mzee aliyechomewa nyumba mara moja na asiyejua njia nyingine. Kufungwa ni ukatili na kunavunja haki yake, lakini ukija na mgambo, ukakata mnyororo na kuondoka, jioni atafungwa tena, safari hii mahali usipopajua.

Mtembeleeni mkiwa wawili, mmoja awe WAJA wa hapo. Kagua vifundo vya miguu na vya mikono: vidonda, usaha, funza. Safisha, mpe chanjo ya pepopunda, pima uzito. Anzisha dawa siku hiyo, na kubalianeni kuwa kuanzia siku hiyo anafunguliwa wakati wa kuoga na kula, ndugu wawili wakiwepo. Rudi baada ya siku tatu, kisha kila wiki. Kadiri anavyotulia, saa za uhuru zinaongezeka. Wiki ya tatu au ya nne wengi hawana sababu ya kufungwa tena. Mnyororo wenyewe uondoke pale nyumbani. Ukibaki umening'inia ukutani, utatumika.

Familia ikikataa kabisa, au akiwa ni mtoto, au kuna kipigo, mhusishe afisa ustawi wa jamii bila kusubiri.

15. Tufanyeje na waganga wa tiba asili na maombi?

Wako karibu kuliko ninyi na wanafunguliwa usiku. Ukimlazimisha mgonjwa achague, atawachagua wao. Ombeni vitu vitatu tu: wasizuie dawa za zahanati, wasifunge wala kupiga wala kumshindisha na njaa mgonjwa, na wawaletee anayeanguka kifafa, anayetaka kujiua, au mwenye homa na kuchanganyikiwa. Kwa kurudisha heshima, mganga aliyemleta mgonjwa apewe taarifa kuwa amefika na anaendeleaje, kwa idhini ya mgonjwa.

16. Anasema anataka kufa, au tayari amekunywa sumu. Na polisi je?

Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Uliza moja kwa moja: umefikiria kujiua? Umepanga vipi? Kitu chenyewe kipo nyumbani? Vijijini kitu chenyewe mara nyingi ni kiuatilifu cha pamba, kahawa au mboga. Basi ndugu aondoe chupa nyumbani siku hiyo hiyo, ifungiwe kwingine. Asiachwe peke yake. Amitriptilini ukilazimika kuitoa, toa ya wiki moja na aishike ndugu, kwa sababu ikimezwa kwa wingi inasimamisha moyo. Kwa mtu huyu fluoksetini ni salama zaidi.

Aliyekunywa sumu asitapishwe, hasa akiwa amelegea. Vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa sabuni ukiwa na glovu, mlaze ubavu. Akitokwa mate mengi, jasho, na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, ni viuatilifu vya kundi linalohitaji atropini: mpeleke sasa na chupa yenyewe.

Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka Katiba. Popote ulipo, matibabu hayasubiri taarifa ya polisi. Andika ulichokiona kitabibu, na ukiulizwa sema huyu ni mgonjwa anayetibiwa.

17. Ni mkali na amekataa kwenda hospitali. Nani ana mamlaka?

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kupelekwa na kulazwa bila ridhaa kwa utaratibu maalumu, akiwa hatari kwake au kwa wengine. Mratibu wa wilaya na ustawi wa jamii ndio wa kuwasiliana nao. Kabla ya kufika huko, jaribu utulivu: mtu mmoja aongee, wengine wasogee nyuma, mpe maji, kaa pembeni yake badala ya kumkabili. Mengi huishia hapo.

Ikibidi dawa, mpe diazepamu miligramu 10 kwa mdomo kama atakubali. Asipokubali, haloperidoli miligramu 2 kwenye msuli, inaweza kurudiwa kila saa, jumla isizidi 10. Pima pumzi na presha baada ya kila dozi. Na asifungwe kifudifudi kwenye bodaboda wala pikapu. Kifua kinabanwa, anakufa njiani.

## Hali zisizo za kawaida

18. Wagonjwa wetu wanahama: wafugaji wakati wa kiangazi, wavuvi wakienda dago (kambi ya uvuvi).

Uliza safari kila kliniki, kabla hawajaondoka. Aliyetulia mpe dawa za miezi miwili hadi mitatu, isipokuwa mwenye hatari ya kujiua. Mpe kadi ndogo yenye jina la dawa na dozi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kura au ya bima, maana hizo hazipotei. Sindano ya mwezi inawafaa zaidi hawa, zahanati yoyote njiani ikikubali kuichoma; wapigie muipange.

Ujumbe wa simu usitaje ugonjwa wala dawa. "Usisahau siku ya kliniki Alhamisi" unatosha, kwa sababu simu hiyo inasomwa na watu watano.

19. Mjamzito, aliyejifungua, mwenye kijiti, anayetumia dawa za VVU?

Mjamzito mwenye kifafa asiache dawa. Mpe foliki asidi miligramu 5 kwa siku, ajifungulie kituoni, na mtoto apate vitamini K. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, isitolewe kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba.

Aliyejifungua na ndani ya wiki mbili akaacha kulala, akaongea ovyo au kusema mtoto si wake, apelekwe hospitali siku hiyo, na mtoto aende naye chini ya uangalizi. Hili halisubiri asubuhi.

Kabamazepini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Wapo wanawake walioshika mimba na kijiti kikiwa mkononi, wakaambiwa kiliwekwa vibaya. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi ndivyo vinavyowafaa. Dawa hizo hizo hushusha nguvu ya dolutegraviri, dawa ya VVU: akiwa kwenye kabamazepini, dolutegraviri huhitaji kumezwa mara mbili kwa siku, na fenobabitoni isichanganywe nayo. Ongea na CTC (kliniki ya VVU) kabla ya kuanza.

20. Mlevi wa gongo ameacha ghafla na sasa anatetemeka.

Kutetemeka na jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, na kuona wadudu ukutani siku ya pili au ya tatu. Mpe diazepamu, thiamini miligramu 100 kabla ya dripu yoyote ya glukosi, maji ya kutosha. Akipata degedege au akichanganyikiwa, alazwe. Anayekunywa kila siku tangu asubuhi asishauriwe kuacha siku moja bila uangalizi, hata kama ndugu na mchungaji wanasisitiza.

21. Ramadhani, mgonjwa anataka kufunga.

Dawa ya mara moja kwa siku inamezwa baada ya futari au wakati wa kulala. Kabamazepini ya mara mbili inagawiwa futari na daku. Anayetumia lithiamu (dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi) asifunge bila daktari wake kukubali, kwa kuwa kukosa maji huipandisha kwenye damu hadi kuwa sumu. Anayeanguka mara kwa mara au ambaye ugonjwa umemrudia karibuni, mpelekeni kwa imamu mnayeelewana naye. Neno la "mgonjwa ameruhusiwa kula" linapokewa vizuri zaidi likitoka msikitini. Fanyeni hivyo Shaabani. Mwezi ukishaandama ataona mnamkatiza ibada.